Jumla na Zao

Mwalimu Nkwabi aliandika ubaoni
x² − 6x + 7
akapangusa chaki kwenye suruali.
"Mizizi yake msiing'oe. Siitaki.
Nipeni polinomia nyingine
ambayo kila mzizi
umeuzidi wa hii kwa moja."

Darasa likaguna.
Utamwongezaje mwaka mtu usiyemjua?

Mimi naitwa Shija.
Kwetu jina hilo halichaguliwi,
unalikuta mlangoni
limeachwa na pacha waliotangulia.

Kulwa na Doto sikuwaona. Picha hakuna.
Mama alichobaki nacho ni jumla:
kilo sita, wote wawili ndani ya beseni,
mzani wa dagaa pale Mwaloni,
karani akakataa hela.
Yupi alikuwa mzito?
Mama huinama, hupepeta dagaa.
Surua ilipita Kitangiri
kabla hawajapimwa mmoja mmoja.

Basi nikaandika. Jumla, sita. Zao, saba.
Kila mmoja akiongezwa moja, jumla inakuwa nane;
zao ni saba, na sita, na moja: kumi na nne.
x² − 8x + 14.
Sikuwagusa, na wamekua.

Babu alilijua zao la pamba,
linalokufa ukigusa mzizi.
Hili nalo, kumbe, ni vivyo hivyo.

Kengele ikalia, sikuacha.
Nyumbani, taa ya sola ikififia,
ziwa likipiga mawe huko chini,
nikaongeza moja, na moja, na moja,
mpaka mara kumi na tisa, umri ambao wangekuwa nao:
x² − 44x + 482.
Kila hatua nilitafuta mraba wa pengo lao.
Nane.
Tena nane.
Miaka yote ile, nane.
Aliyekuwa nyuma hakufika, wala hakuachwa zaidi.

Mama akaingia na magamba kwenye kanga.
"Unaandika nini usiku huu?"
Nikasema, wanao.
Akaitazama karatasi muda mrefu,
kama anayesoma bei.
"Kulwa ni yupi?"

Hapo hesabu ilinishinda.
Nikamwambia, Mama, ukiwabadilisha nafasi
jumla ni ileile, zao ni lilelile.
Karatasi haiwezi kujua.

Akavua kanga, akaitundika msumarini.
"Hata mimi," akasema,
"nilikuwa nawachanganya."