Kilalo

Alfajiri, maji yamekupwa Ngomeni,
napita kingo za mabwawa ya chumvi, reki begani,
nikamkuta sungura amelala macho wazi.
Hana shimo huyu wa nyika. Ana kilalo tu,
upana wa sahani, nyasi zimebonyea kwa uzito wake.
Si yule mjanja wa hadithi za bibi;
huyu ana kupe sikioni
na moyo unaopiga hadi manyoya yanacheza.

Hatua mia chini, kwenye kilango cha bwawa,
taa ameachwa na maji.
Hakukimbia. Angekimbilia wapi?
Alijitikisa mara moja, akajifukia mchangani,
yakabaki macho mawili juu
kama vifungo vilivyodondoka.
Jina lake taa, ila kazi yake kujizima.

Wa kwanza kapewa masikio, kanyimwa mkia wa maana.
Wa pili masikio huyaoni,
lakini mkia! Kamuulize Karisa Mwaro,
miezi miwili na mkongojo,
kisigino kimeiva kama papai.

Binti yangu Mbodze, msomi wa nyumba,
anasema wote wawili huzaa, hawatagi.
Kitoto cha sungura hutoka na manyoya yake, macho kodo.
Kitoto cha taa hutoka kimekunjwa kama chapati,
kikijikunjua, mwiba kinao.
Yule mama hurudi kunyonyesha usiku, upesi, kisha haonekani.
Huyu harudi kabisa.

Baba yangu, deni la dukani lilipofika mlangoni,
alitokea dirishani.
Mara yuko Gongoni, mara Garsen,
mara tukaacha kuuliza.
Mama alijilaza bapa mkekani, leso hadi kwenye nyusi,
nasi tukadhani kalala.
Mdai akavuka kizingiti.
Akasema neno la kwanza, kimya.
Aliposema la pili
ndipo tulipojua mwiba ulikaa wapi miaka yote.

Nami ni mtoto wa nani kati yao?
Nimekimbia nyumba mbili.
Ya tatu nimejilaza, nangoja kukanyagwa.

Niliinua kilango kwa mpini wa reki.
Taa akateleza, mchanga ukafunga nyuma yake
kama hakuwahi kuwapo.
Nilipogeuka, sungura naye hayupo.
Nikainama, nikaweka kiganja kwenye kile kilalo.

Bado kilikuwa na joto.