Senti Thelathini Tu

Mimi ndiye niliyemwambia mzee Thibodeau
kwamba mashine haina ulimi wa kusemea uongo.
Ilikuwa Ijumaa, foleni imefika kwenye majokofu ya samaki,
theluji ya Fall River ikiyeyuka viatuni mwa watu.
Alikuwa na mikebe sita ya chakula cha paka.
"Rafuni mmeandika senti tisini na tisa," alisema.
"Hapa unanitoza dola moja na ishirini na tisa."
Akatoa kidaftari, penseli imefungwa kwa uzi,
maana alifuma pamba miaka thelathini na moja
mpaka viwanda vilipokata roho.
Nyuma yake kijana akaguna.
Mwingine akasema, "Senti thelathini tu, babu."
Nami nikapitisha mkebe tena juu ya kioo chekundu,
*piii*,
kana kwamba kuurudia uongo ni kuuthibitisha.

Akalipa. Sarafu moja moja,
polepole, makusudi,
kila moja ikigonga kaunta
kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba
anayojua kuna watu ndani.

Jumanne akaja mama wa koti la buluu,
kikapuni vitu visivyojuana:
betri, maharage, kamba za viatu,
soseji ya Kireno, mshumaa wa keki wenye tarakimu saba.
"Pitisha vyote," alisema, "lakini usinitoze."
Akaweka kitambulisho:
Odete Furtado, mkaguzi wa mizani na vipimo.

Mizani! Nilidhani ni ya kupimia nyama.
Kumbe bei nayo ina mizani yake, kama ubeti;
izidishe kidogo, yote inachechemea.

Vitu hamsini. Bei za rafuni alikuwa nazo kwenye karatasi,
na kila mashine ilipolia
alitia alama kwa kalamu ya kijani.
Mshumaa, sawa. Maharage, sawa.
Betri, mashine ilitaja pungufu, hasara ya duka;
akaiandika vilevile.
"Kosa ni kosa," alisema, "hata likikupendelea."
Kisha mkebe wa paka.
Sikuhitaji kutazama skrini.

Meneja Hanrahan akashuka ngazi mbio:
kompyuta ya makao makuu hubadilisha bei usiku wa manane,
wa kubadilisha vibandiko ni Duarte,
na Duarte ana mafua.
Odete alimsikiliza hadi nukta ya mwisho.
"Mafua ya tangu lini?"
Akabandua kibandiko, akapuliza vumbi,
akasoma tarehe ndogo ya pembeni.
Wiki tano.

Wiki tano, mji mzima, paka wangapi?
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba,
na siku zote nilidhani kibaba ni cha maskini mwenye subira.
Sikujua kuna kingine
upande wangu wa kaunta.

Usiku ule nililala na neno moja dogo.
*Thelathini tu*: neno la kumfungia mtu mlango.
Lakini lilete mbele, liite watu,
linageuka lenyewe kinywani:
tu wengi, tu kwenye foleni,
tu wenye kuhesabu.

Ijumaa mzee akarudi. Nilikuwa nimemwekea bahasha,
dola moja na senti themanini.
"Ulikuwa sahihi," nikasema.
"Sema kwa sauti."
Nikasema kwa sauti.
Akageuka kumtafuta yule kijana aliyeguna;
hakuwapo, walikuwa watu wengine kabisa,
mwanamke na mtoto, fundi bomba, wasioelewa chochote.
Akazihesabu fedha hata hivyo,
moja moja.
Fundi bomba akatazama saa.

Kisha mzee akapanga mikebe sita,
akafungua kidaftari, akalowesha penseli kwa ulimi.
"Haya, Nilza," akasema. Hajawahi kuniita jina.
"Pitisha."

*Piii.*
Tukainamia skrini sote wawili.