Sauti Yangu Ndiyo Ufunguo Wangu

Mimi niliendesha gari tu.
Miaka ishirini na tisa, Rotherham hadi Skegness,
Skegness hadi Hull, usiku, wipa zikilia,
na nyuma yangu gizani Neville Tasker
akibishana na watu wanne, wote yeye.

Alianza darasani, kwa mwalimu wa hesabu
aliyevuta pumzi kabla ya kila desimali
kama mtu anayeingia maji ya baridi.
Kwa hilo alichapwa sita.
Kiboko cha tatu alilia kwa sauti ya mwalimu mkuu,
na mchapaji, nasikia, akaangusha fimbo
akasimama wima.

Hakuiga maneno. Maneno, alisema, hata kasuku anayo.
Yeye aliiba namna mtu anavyomeza mate,
upepo wa pengo la jino,
koo linalojisafisha kabla ya uongo.
Pauline Drabble, mtabiri wa hali ya hewa,
alimnasa siku alipogundua kuwa mama yule
hutamka "mvua" kama anayeomba radhi.
Kilabu cha wachimba makaa kule Maltby
kilicheka hadi mwenye baa akafunga bomba la bia
asipitwe na neno.

Halafu akaja Waziri.
Sir Hubert Lascombe, wa fedha,
midomo kama mfuko uliovutwa kamba.
Neville alimvaa koo zima.
Televisheni kila Jumamosi, suti ya kijivu,
nyumba yenye bustani, meno mapya.
Meno hayo nusura yatuponze: Waziri alikuwa na pengo,
ikabidi kila jioni nimpake nta nyeusi
kwenye jino la pauni mia tisa.

Usiku wa uchaguzi tulikuwa hotelini Scarborough,
yeye na soksi moja mguuni, macho kwenye kioo.
Lascombe alianguka kwa kura mia mbili na kumi.
Kulipokucha, Lascombe akapewa kiti kwenye bodi ya kampuni ya saruji.
Sisi tukapewa simu kumi na moja za kuahirisha.
Watu wa maonyesho hawasemi "kufuta."

Tukarudi vilabuni. Vilabu navyo havikutungoja:
mgodi ulitangulia, bia ikafuata,
kicheko, cha mwisho kutoka, kikazima taa.
Akawa anasoma namba za bingo
kwa sauti ya mtu ambaye vijana waliuliza,
"Huyu ndiye nani?"

Juzi nilimpelekea supu ya mbaazi.
Nikamkuta kwenye simu na benki, habari ya pensheni.
Mashine, ya kike, yenye adabu, ikamtaka aseme:
Sauti yangu ndiyo ufunguo wangu.
Akasema.
"Samahani. Hatujakutambua."
Akasema tena, polepole, kama mtu anayejieleza polisi.
"Samahani."
Akaziba pua. Akatoa meno, akarudia.
Mimi nikawa napuliza supu. Ningesema nini?

Ndipo nikakumbuka.
"Neville, sauti hii waliirekodi lini?"
Akaniangalia. Bridlington, nyuma ya jukwaa,
dakika kumi kabla ya pazia,
nta bado mbichi kwenye jino.

Akajivuta juu kitini. Midomo ikajikunja.
Koo likajisafisha.
"Sauti yangu ndiyo ufunguo wangu."
"Karibu, Bwana Tasker," mashine ikasema,
kwa furaha, nadhani, ingawa mashine ni mashine.

Pauni mia nne na sita, na senti zake.
Akauliza salio kwa sauti ya Lascombe,
akashukuru kwa sauti ya Lascombe,
akaiahidi mashine kwamba kodi zitashuka
mwaka wa fedha ujao.
Kisha akaweka simu chini.

Nilikuwa jikoni, mgongo kwake, natafuta vijiko.
"Supu imepungua chumvi," ikasema sauti.
Kwa mazoea ya barabarani
sikugeuka nyuma kuangalia ni nani.
Nikapitisha chumvi juu ya bega.