Andika Kwanza Mota

Umerudi Chavakali na faili yako ya buluu,
umekaa juu ya gunia la pumba bila kupangusa,
unauliza: "Mama Vihenda, mwaka umekwisha.
Kegode tumwandikeje?"

Andika kwanza mota.
Nguvu farasi saba na nusu,
niliikopea kwenye chama, nikailipa kwa mayai
na ndizi za kupimwa kwa macho.
Andika zile boliti nne
zilizobaki sakafuni asubuhi, zikinitazama.

Na hili usiliruke:
nilikuwepo walipomkamata njiapanda.
Tairi lilikwisha kupita kichwani mwake.
Kiberiti kilikuwa changu, cha jikoni.
Kilikataa.
Wenzangu husema ni Mungu.
Mimi nasema ni mvua ya Aprili.

Hakimu akampa miaka mitano, Kodiaga.
Niliihesabu kama madebe:
la kwanza, la pili, la tatu likafurika,
na kinu changu kimya,
na mimi na mahindi kichwani kwenda kusaga kwa Imbuga,
anayenitoza kama mgeni.
Kifungo hakisagi, bwana afisa.
Hakuna mwezi serikali iliponiletea
hata kijiko kimoja cha unga wa adhabu ile.

Ulipokuja mara ya kwanza ukasema
huko ndani wamemfundisha kusuka waya wa mota,
nilicheka hadi vumbi la pumba likatujaa machoni.
Mwizi wa mota!
Fisi kasomeshwa ubucha!

Basi akaanza kuja, kila Jumanne.
Hasemi. Hukaa mlangoni penye mwanga
na mota kuukuu aliyoinunua kwa vibarua,
anaizungushia shaba, uzi baada ya uzi,
akikosea anafumua yote.
Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli ametundika matairi.
Kegode huipa barabara mgongo.

Mwezi wa tano ilinguruma.
Sikupiga vigelegele. Nilileta debe.

Umeandika "amesamehe"? Futa.
Andika: ufunguo wa kinu bado uko kiunoni mwake,
umefungwa kwa kamba mbili.
Andika: Jumanne iliyopita alimpa chai,
na alipoondoka akahesabu vikombe.
Vilikuwa sita. Nikarudia, vilikuwa sita.
Kimoja kilikuwa kimeoshwa.

Hilo nalo liandike,
ila kwa penseli.