Mayai Saba

Sheria ya jiko ilikuwa moja:
yai huliwa ukirudi.
Kabla ya kupaa, mkate, jemu na chai.
Mtaani watu walipata moja kwa juma
kama kuku wa mgao kaamka vizuri,
nami, Edna Skelton, mpishi wa zamu ya usiku
kwenye uwanja wa matope huko Lincolnshire,
nilikuwa na trei nzima chini ya kitambaa,
nikiyahesabu kama bahili na senti zake.

Ndege ya herufi K ilibeba watu saba.
Saba nikayatenga.
La Oldroyd, mshika bunduki wa mkiani, nililijua:
liive hadi kiini kiwe kigumu kama kifungo,
maana baridi ya juu ilimla vidole
na kiini kibichi kilimtoroka kwenye uma.
Rubani Haxby hakuchagua.
Miaka ishirini na miwili, masharubu yamegoma kuota.
"Lolote tu, dada."

Usiku ule wa Machi walikwenda bonde la Ruhr.
Sahani zilitetemeka rafuni, moja baada ya moja,
kisha zikatulia, na utulivu wenyewe
ukawa mbaya kuliko mngurumo.

Saa tisa nikapasha mafuta.
Ikaja A. Ikaja F, injini moja imelala.
Ikaja M.
Waliingia wakinuka mpira na petroli, wakala wameinama,
wala hakuna aliyeitazama meza ya dirishani.
Kulipopambazuka sajini akaniambia nizime jiko.
Nikamwambia kikaango bado kina kazi.

Usiniulize nilikoyapeleka yale saba.
Haya, niulize:
niliyarudisha kwenye trei, kesho yake wakala wengine.
Vita havitupi yai.

Vilipokwisha, mwezi Julai,
mtu akasimama mlangoni, suti imemzidi mabega.
Gaudreault, mwongoza njia, mtoto wa Quebec,
katoka kambi ya mateka.
Aliongea akiitazama sinki.

Injini mbili ziliwaka. Haxby akasema, Rukeni,
kwa sauti ileile ya kuagiza yai.
Pugh wa redio, Mwelshi, alikuwa keshaning'iniza miguu nje, upepo unamvua buti,
ndipo wakamsikia Oldroyd masikioni:
mlango wa kizimba chake umekwama.
Hakulia. Alisema tu,
kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake.
Pugh akairudisha miguu ndani.
Akachukua shoka.
Akaufuata moshi kuelekea mkiani.

"Mimi niliruka," alisema Gaudreault.
"Andika hivyo, kama unaandika. Niliruka."
Akining'inia gizani aliiona K inawaka,
na bado imenyooka, imenyooka,
kama mtu abebaye bakuli lililojaa hadi ukingoni
akipita katikati ya watoto wanaocheza.
Halafu parashuti moja, ya mwisho, ikachanua.
Oldroyd. Pugh alimsukuma.
Halafu bakuli likamwagika.

Tulikaa kimya. Nikauliza nisilotaka kuuliza:
na huko chini?
"Tulikuwa tumeshaangusha," akasema.
"Ulikuwa mtaa. Una mabomba ya moshi, kama huu."
Basi kulikuwa na jiko, na mwanamke,
pengine naye ametenga kitu pembeni kwa ajili ya mtu.
Habari hiyo sijapata pa kuiweka.
Nimejaribu kuitenga na ile ya shoka,
zinarudi pamoja.

Oldroyd yuko Leeds, hataki wageni.
Wengine watatu wamekwenda makwao.
Nikavunja yai ukingoni mwa kikaango,
mkono haukutulia, ganda likaingia,
nikaliopoa kwa kucha.
Unalitakaje? nikamuuliza.

Alifikiri sana.
"Lolote tu," akasema,
kisha akajiziba mdomo kwa kiganja,
na mafuta yalikuwa yameanza kuungua.