Dakika Nne

Mkojo wako ni safi, alisema daktari,
kana kwamba ananipongeza.
Hakuna kijidudu. Hakuna jiwe.
Kibofu tu, ukuta wake umechubuka,
na jina refu la Kilatini
aliloliandika mara mbili, kalamu iligoma.
Si la kuua, akasema. Wala si la kupona.

Miaka kumi na tisa naendesha tramu Riga,
taa zote nazijua kwa tabia zao.
Sasa najifunza mji upya, kwa vyoo:
duka la mkate la Vizma, ufunguo nyuma ya mizani;
maktaba, ghorofa ya chini, hufungwa saa kumi na mbili;
kanisa la Kilutheri, Jumapili tu.

Darajani, juu ya Daugava iliyoganda,
kaa la moto linajigeuza chini ya kitovu.
Abiria wanatazama kisogo changu, kisha saa zao.
Nauma meno. Nahesabu nguzo.

Nyumbani nimemwachia Andris mtungi wa kabichi chachu,
kahawa, nyanya, na yale matunda mekundu
tuliyochuma pamoja kinamasini mwezi wa tisa.
Anakula taratibu, kwa aibu, kama mgeni msibani.
Usiku, safari ya tano,
nakuta amewasha taa ya ukumbini
na soksi zangu za sufu ziko mlangoni mwa choo.

Hatujalizungumza.
Kesho nitamwomba msimamizi dakika nne
kwenye kituo cha mwisho.
Nimeyarudia maneno mbele ya kioo:
dakika nne, bwana, siombi huruma.
Mara ya tatu sauti haikutetemeka.