Mizani ya Pua

Ndege yangu ya plastiki, imekalia mkia,
Gurudumu halishuki, la mbele laning'inia,
Chubwi mbili za samaki, puani nimezitia,
Ya tatu haichomeki; bado mbingu yalilia.

Mama yu kizingitini, Kibokoni, achambua,
Kauweka ungo chini, kipini akakivua,
Tangu arusi puani, kutoka hakijajua,
Akanena, "Tia ndani, pua yaazima pua."

Chepesi kama mchele, nikacheka kukipima,
Nikakisukuma mbele, gundi ikakiandama,
Pua ikashuka pole, ikagusa, ikakoma,
Miguu mitatu ile, ubaoni yasimama.

Hakitoki tena pale, gundi imekwisha uma.
Kitundu ki wazi kile, kwenye pua yake mama.